Kwa nini samaki hufa alfajiri, na namna ya kuingiza hewa kidimbwini

Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda juu ya Kirinyaga na jua hupotea kwa siku kadhaa mfululizo. Huu ndio msimu ambao mfugaji anaweza kulala akiwa na kidimbwi kizima cha samaki, akaamka na kukuta wale wakubwa wakielea matumbo juu huku wadogo wakiwa hai. Lawama ya kwanza mara nyingi humwendea jirani anayedhaniwa kutia sumu, au duka lililouza chakula juzi. Lakini vifo vya namna hii, vinavyotokea usiku mmoja na kuwaanza wakubwa, kwa kawaida huletwa na jambo moja: oksijeni imekwisha majini.

Makala haya yanaeleza oksijeni hiyo hutoka wapi, nani huimaliza, na ni wakati gani mashine ya kuingiza hewa hulipa gharama yake. Hesabu zote tumezifanya kwa kidimbwi cha mita mraba 300, kipimo ambacho wafugaji wengi wamekizoea tangu mpango wa serikali ya kitaifa wa kuchochea uchumi ulioanza mwaka wa 2009. Mpango huo ulilenga vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kila kidimbwi kikiwekwa vifaranga 1,000 vya samaki.

Akiba ndogo inayoliwa usiku

Lita moja ya hewa tunayovuta ina zaidi ya miligramu 200 za oksijeni. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25, hata ikiwa imeshiba hewa kabisa, ina miligramu 8 hivi ukiwa Mombasa, na 7 hivi ukiwa Sagana, kwa sababu kadiri unavyopanda mwinuko ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Maji yakizidi kupata joto, kama inavyokuwa Mwea mwezi wa Februari na Machi, kiasi hicho hushuka zaidi. Tilapia hukua vizuri akipata miligramu 5 au zaidi kwa lita. Zikishuka chini ya 3 hupoteza hamu ya kula, na chakula unachomwagia huzama na kuoza. Chini ya 1 anaweza kustahimili kwa muda mfupi tu.

Sehemu kubwa ya oksijeni ya kidimbwi hutengenezwa na mwani, yaani ule ukijani unaouona majini. Mwani ukipata jua hufanya kazi ileile ya majani ya mahindi: hutengeneza chakula chake na kutoa oksijeni. Kiasi kidogo huingia kupitia upepo unaotikisa uso wa maji. Ndiyo maana ukipima kidimbwi saa tisa alasiri utapata oksijeni tele na kudhani mambo ni shwari.

Jua likitua, utengenezaji husimama lakini matumizi yanaendelea. Mwani wenyewe ni kiumbe hai, nao hupumua usiku kucha. Oksijeni huzidi kushuka hadi kufikia kiwango cha chini kabisa saa kumi na moja au kumi na mbili alfajiri, kabla ya jua kuchomoza.

Tuifanyie hesabu. Kidimbwi cha mita mraba 300 chenye kina cha mita 1 kina lita 300,000 za maji. Kikiingia usiku na miligramu 7 kwa kila lita, akiba yote ni kilo 2.1 za oksijeni. Tuseme kina samaki 800 waliofikia gramu 200 kila mmoja, jumla kilo 160. Kilo moja ya samaki hutumia takriban miligramu 200 za oksijeni kwa saa, hivyo wote pamoja hutumia gramu 32 kwa saa. Kwa usiku mzima wa saa 12 hiyo haifiki gramu 400. Samaki wote hao hawamalizi hata robo ya akiba.

Zilizobaki huliwa na mwani, na tope la chini ambamo bakteria wanaozesha kinyesi, majani na chakula kilichosalia. Wafugaji wengi hukasirika wakiambiwa hivyo, kwa sababu mbolea ya kuku waliimwaga wenyewe ili maji yawe kijani. Ukijani wa kiasi ni chakula cha tilapia. Ukizidi huwa kama familia kubwa iliyohamia nyumbani kwako: mchana inaleta kitu kidogo, usiku inamaliza sufuria.

Siku za mawingu hali huwa mbaya zaidi kwa sababu mwani hautengenezi vya kutosha mchana, lakini usiku unapumua vilevile. Siku ya kwanza kidimbwi huingia usiku na akiba pungufu. Siku ya tatu au ya nne ya mawingu, akiba inaweza kuisha kabla ya alfajiri. Ni kweli kwamba maji ya baridi hushika oksijeni zaidi na samaki hupumua polepole, na hilo husaidia. Lakini baridi hiyo hiyo humfanya tilapia ale kidogo, na mfugaji asipopunguza chakula, ziada yote huishia kwenye tope.

Kuna njia rahisi ya kupima ukijani. Ingiza mkono majini ukiwa umenyoosha kiganja, hadi maji yafike kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, ukijani umezidi: acha mbolea mara moja na upunguze chakula. Ukikiona kiganja kwa shida maji yakiwa yamefika kiwiko, uko sawa. Hakikisha tu kwamba unapima ukijani wa mwani, kwa sababu baada ya mvua maji huwa mekundu kwa udongo na kipimo hiki hakifai.

Kwa nini vifo huja karibu na mavuno

Mfugaji anaweza kukaa miezi mitano bila tatizo, halafu akapoteza samaki wiki mbili kabla ya kuvua. Jibu liko kwenye ndoo ya chakula. Kidimbwi kisicho na mashine wala maji yanayopita kinaweza kumudu chakula cha kilo 30 hadi 50 kwa hekta kwa siku bila oksijeni kuanguka sana. Mita mraba 300 ni asilimia 3 ya hekta, kwa hivyo mpaka wake ni kati ya gramu 900 na kilo moja na nusu kwa siku.

Samaki wakiwa wadogo hutavuka mpaka huo. Lakini wale kilo 160 tuliowataja, wakilishwa asilimia 2 ya uzito wao, wanakula kilo 3.2 kwa siku, zaidi ya maradufu ya kile kidimbwi kinaweza kubeba. Hapo ndipo mfugaji anapokuwa na njia tatu tu: kuingiza hewa, kupitisha maji mapya, au kuvua mapema wale wakubwa na kuwauza ili waliobaki wapate nafasi. Njia ya tatu hudharauliwa, ilhali ndiyo pekee inayomletea mfugaji pesa siku hiyo hiyo.

Ni hewa au ni sumu?

Kabla ya kwenda kwa chifu kumshtaki jirani, angalia mambo machache. Oksijeni ikipungua, samaki hupanda juu alfajiri na kuhema midomo ikiwa nje ya maji, au hujazana pale maji yanapoingilia. Ukikaribia hawakimbii. Wakubwa hutangulia kufa, na jua likipanda walio hai hurudi chini kana kwamba hakuna kilichotokea. Vyura na wadudu wa majini huwa salama.

Sumu haichagui ukubwa wala saa. Inaua vifaranga pamoja na wakubwa, na mara nyingi wadudu na viluwiluwi pia. Wanaochota maji kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga wanapaswa kuwa waangalifu hasa wakati mashamba yanaponyunyiziwa dawa. Ugonjwa nao huja polepole: samaki wawili leo, watatu kesho, wengine wakiwa na vidonda au mapezi yaliyolika.

Jambo jingine hutokea kwenye mabwawa yenye kina cha mita 2 au zaidi. Maji ya juu hupata joto, ya chini hubaki baridi na bila oksijeni, na matabaka hayo mawili hukaa bila kuchanganyika. Mvua kubwa ya baridi au upepo mkali ukiyapindua ghafla, maji mabaya ya chini huenea kote na samaki wanaweza kufa hata mchana.

Ukiwakuta wanahema, usiwalishe siku hiyo. Fungulia maji mapya yaingie kwa kuanguka kutoka juu. Kama una pampu ya petroli ya kunyunyizia shamba, vuta maji ya kidimbwi chenyewe kutoka karibu na uso na uyarushe hewani yarudi kidimbwini. Mdomo wa bomba la kuvuta usiguse chini, kwa maana kuchokora tope wakati huo ni kuongeza tatizo. Kuingia na kuzungushazungusha maji kwa fimbo, kama wengine wafanyavyo, kuna hatari hiyo hiyo.

Hewa isiyohitaji stima

Wafugaji wa maeneo ya juu, kama Gichugu na sehemu za Ndia, wana bahati ambayo wengine hawana: maji ya mradi yanayoteremka kwa nguvu ya mteremko. Bomba likiwa limezamishwa kidimbwini, nguvu hiyo yote inapotea. Liinue liwe mita moja juu ya maji, lizibe mwishoni na ulitoboe matundu madogo mengi, au funga sprinkla ileile unayonyunyizia nyanya na mishiri. Kila tone linalopita hewani linaingia kidimbwini likiwa na oksijeni, na linapochapa uso wa maji huongeza nyingine. Anayepata maji kupitia mfereji anaweza kuyaangusha juu ya mawe au mbao zilizopangwa kama ngazi. Maji haya yaachiliwe usiku. Mengi huachiliwa mchana, wakati ambapo kidimbwi hakiyahitaji sana.

Kumbuka kwamba maji yakiingia lazima mengine yatoke. Yatoe ya chini, kwa bomba linalofika karibu na sakafu, ndipo uondoe yale yenye oksijeni kidogo. Na ukishavua, usijaze kidimbwi upya kabla ya kutoa tope jeusi na kuacha sakafu ikauke hadi ipasuke. Tope hilo ni mbolea nzuri ya shambani, na kidimbwini ni mlaji wa oksijeni.

Mashine, stima na sola

Kwa kidimbwi cha udongo chenye kina cha mita moja, mashine inayofaa zaidi ni ile yenye magurudumu ya mapanga yanayochapa maji. Huelea juu, hurusha matone hewani na kusukuma maji yenye oksijeni hadi pembe za mbali. Iweke ikielekea urefu wa kidimbwi, mbali na kingo, kwa sababu mkondo wake hubomoa ukuta wa udongo na kuchafua maji. Aina nyingine husukuma hewa kupitia mirija hadi kwenye vijiwe vinavyotoa viputo chini ya maji. Hiyo hufaa matangi na mabwawa ya kina kirefu. Kwenye maji ya kina cha mita moja viputo hufika juu haraka mno, kabla oksijeni haijayeyuka, na sehemu kubwa ya hewa hurudi ilikotoka.

Mashine ndogo ya nusu nguvu farasi, yaani takriban wati 370, inatosha kidimbwi cha kipimo chetu. Haina haja ya kufanya kazi kutwa. Iwashwe saa sita usiku na kuzimwa saa moja asubuhi, jua likiwa limetoka, na wakati wa mawingu iwashwe mapema zaidi. Kwa saa hizo saba itatumia karibu yuniti 3 za stima. Tukichukulia shilingi 30 kwa yuniti, hiyo ni Sh90 kwa usiku na Sh2,700 kwa mwezi. Ikitumika miezi miwili ya mwisho pekee, wakati samaki ni wazito, gharama ya stima ni Sh5,400. Kilo 160 za samaki kwa Sh400 kila moja ni Sh64,000. Weka bei za eneo lako, kisha uongeze bei ya mashine yenyewe ukiigawa kwa misimu unayotarajia kuitumia.

Hesabu hiyo inapendeza, lakini kuna mtego. Mfugaji akishapata mashine hushawishika kuongeza samaki mara mbili au tatu. Basi stima ikipotea saa tisa usiku, kidimbwi chenye samaki wengi hivyo hakina hata saa mbili za akiba. Asiye na jenereta au pampu ya petroli ya dharura, na mtu wa kuamka kuiwasha, asiongeze samaki kwa kuitegemea mashine. Aitumie kuwalinda wale alio nao.

Sola inauliziwa sana siku hizi, na inastahili jibu la wazi. Paneli hutoa stima mchana, na kidimbwi kinahitaji hewa usiku. Mashine ya sola isiyo na betri hufanya kazi wakati ambapo mwani tayari unajaza maji kwa oksijeni. Faida yake ni kuchanganya maji ya juu na ya chini, jambo lenye maana kwenye mabwawa ya kina kirefu, lakini haitaokoa samaki saa kumi alfajiri. Ukiuziwa mashine ya sola, uliza kwanza betri yake inahimili saa ngapi ikiwa kazini, na inajaa vipi baada ya siku tatu za mawingu. Siku hizo ndizo utakazoihitaji zaidi.

Wengine hutumia pampu ya sola kujaza tangi lililoinuliwa mchana na kuyafungulia maji usiku. Ni wazo zuri, ila lijulikane mpaka wake: tangi la lita 10,000 la maji yaliyoshiba hewa lina gramu 70 tu za oksijeni. Kwa kilo 160 za samaki hiyo ni saa mbili hivi, na hapo hatujahesabu mwani na tope. Ifunguliwe basi kuelekea saa kumi, saa ambayo hata akiba ndogo ina thamani.

Kuhusu usalama, stima na maji havina mzaha. Waya uwe wa kutumika majini, kuwe na swichi inayojikata yenyewe hitilafu ikitokea, na kazi ifanywe na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Mashine izimwe kabla ya mtu yeyote kuingia kidimbwini, hata kama ni kuokota samaki mmoja.

Kambare na trauti

Haya yote yamemhusu tilapia. Kambare ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa kutoka juu ya maji, hivyo huvumilia vidimbwi ambavyo tilapia angefia. Vifaranga vyake vya wiki za kwanza bado havina uwezo huo, na wengi huvipoteza kwa kudhani kambare hafi. Trauti wa maji baridi ya mlimani ni kinyume: anataka miligramu 6 au zaidi muda wote na maji yanayopita, kwa hivyo bila mto au chemchemi ya kudumu usimfikirie.

Pa kuuliza

Maafisa wa uvuvi wa kaunti hufikiwa kupitia ofisi za kilimo za kaunti ndogo. Kituo cha kitaifa cha utafiti na mafunzo ya ufugaji wa samaki kiko hapa hapa Sagana. Anayetaka kuchukua maji ya mto kwa ajili ya vidimbwi anahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Kifaa cha kupima oksijeni ni ghali kwa mtu mmoja, na vikundi vya wafugaji vinaweza kununua kimoja na kukizungusha. Kipimo chenye maana ni cha alfajiri, kabla ya jua.

Ukimwendea afisa, nenda na urefu, upana na kina cha kidimbwi, idadi ya samaki uliopanda na tarehe, kiasi cha chakula unachotoa kwa siku, na picha ya rangi ya maji. Kama samaki wamekufa, andika saa uliyowakuta na kama walikuwa wakubwa au wa kila ukubwa.